Kigari cha mtoto kwa mazingira ya Dar: mwongozo kamili wa kuchagua, kuanzia kichanga mpaka mdogo wake akija

Kitu cha kwanza kabisa kukijua ni kwamba kigari cha mtoto hapa Dar kinabebwa kuliko kinavyosukumwa. Kinabebwa kushuka ngazi, kinabebwa kuvuka mtaro, kinaingizwa kwenye bajaji, kinatolewa, kinabebwa tena kupita kwenye tope la masika, alafu ndo kinapata kipande cha lami cha kusukumwa. Sasa mtu akienda dukani anaangalia rangi, anaangalia sponji, anaangalia kama kina sehemu ya kuweka kikombe, anaondoka na kigari cha kilo kumi na nne, na baada ya muda kipo kona ya sebule kimewekewa nguo za kupiga pasi. Hela imekaa pale haifanyi kazi. Mi hivi vitu navipenda sana na nimeshawasindikiza ndugu na majirani kwenda kununua, kwahiyo nimeona niandike yote kwa mpangilio, hasa kwa nyie ambao wa kwanza bado mdogo na mnajua kabisa mwingine atakuja.

HATUA YA 1: Tembea njia yako kabla hujaenda dukani

Toka nyumbani kwa miguu, mkono mmoja umeshika simu, nenda sehemu tatu unazoenda sana na mtoto. Kwa wengi ni kliniki, sokoni na kituoni, au kwa bibi yake. Ukiwa unatembea angalia chini tu. Andika ni wapi kuna mchanga, wapi kuna kokoto, wapi pevingi, wapi lami, na muhimu zaidi andika kila sehemu ambayo ungelazimika kuinua kigari kizima kizima, mfano mtaro usio na mfuniko, ngazi za fleti, au ile njia ya watembea kwa miguu ambayo fundi viatu kaweka meza na boda zimepaki.

Dar sio moja. Wa Mbagala, Chanika na sehemu kubwa ya Kigamboni wana mchanga. Wa Kimara, Goba na Mbezi wana milima, na mlima unataka breki na mikono yenye nguvu. Wa fleti za zamani za Upanga na Kariakoo zisizo na lifti wana ngazi, yaani huyo tatizo lake linaanza kabla hata hajafika chini. Wa Manzese wana vichochoro. Wa Masaki na Oysterbay wana njia nzuri za kutembea kwahiyo wao wana uhuru mkubwa wa kuchagua. Jirani yako wa Masaki akikusifia kigari chake anasema kweli, ila anasema kweli ya Masaki.

Ukirudi nyumbani chukua tepu ya fundi upime upana wa mlango mwembamba kuliko yote unaopita kila siku, mara nyingi ni kale kamlango kadogo ka geti. Pima na buti ya gari kama mna gari, au nafasi ya nyuma ya siti ya bajaji kama ndo usafiri wenu. Hivyo vipimo viweke kwenye simu, utavihitaji dukani.

HATUA YA 2: Umri wa mtoto uamue siti

Kichanga hawezi kukaa. Shingo yake haijakaza, ukimkalisha kichwa kinaanguka mbele kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, na hilo linaweza kutokea kimya kimya wakati wewe unajua amelala. Kwahiyo kama unanunua cha kuanza nacho tangu kuzaliwa, siti lazima ilale kabisa, iwe bapa au karibu na bapa, sio kulala nusu. Wengi wanafikia kukaa wenyewe kwenye miezi sita hivi, na hapo ndo vile vigari vyepesi vya siti iliyosimama vinaanza kufaa.

Fikiria safari zenyewe, kliniki za chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zinaangukia kipindi hicho cha kulala bapa. Kigari kisicholala hakitakusaidia hata safari moja kati ya hizo. Na hapa niseme ukweli wangu, kwa miezi hiyo ya mwanzo mbeleko inatosha kwa familia nyingi. Mtoto yuko kifuani kwako, unamuona, mikono yako iko huru, daladala unapanda. Kama bajeti ni ndogo, mbeleko mpaka miezi sita alafu kigari chepesi kizuri ni mpango bora kuliko kununua kikubwa cha bei rahisi cha kufanya yote.

Kuna vile vinavyokuja na kiti cha gari kinachochomolewa na kupachikwa juu ya fremu. Vizuri sana kwa wenye gari, ila kile kiti ni cha safari, sio kitanda. Mtoto asikae humo muda mrefu mfululizo, wataalam wengi wanashauri isizidi kama saa mbili, na foleni ya Dar unaijua, kwahiyo simameni njiani mtoeni ajinyooshe.

HATUA YA 3: Matairi

Hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, ntaelezea taratibu.

Yale matairi madogo ya plastiki yaliyokaa mawili mawili kila mguu yametengenezwa kwa sakafu. Ndani ya Mlimani City yanateleza vizuri, dukani ukijaribu yanateleza vizuri, kwasababu duka lina tailizi! Ukiyapeleka kwenye mchanga yanazama, yale ya mbele yanageuka pembeni, na ukilazimisha kigari kinainama mbele na mtoto ndani. Kwenye pevingi zilizolegea yanapiga kelele na mtetemo wote unaenda kwa mtoto.

Matairi makubwa ya sponji ngumu ndo napendekeza kwa familia nyingi za Dar. Hayapati pancha, hayataki upepo, yanapanda kingo ndogo. Angalia tu yawe makubwa kweli, ya nyuma yawe na kipenyo cha sentimita ishirini au zaidi.

Matairi ya upepo ndo laini kuliko yote kwenye kokoto na barabara za vumbi, ila yanataka kuhudumiwa. Pancha fundi baiskeli wa mtaani anaziba bila shida, ukishindwa kupata mpira wa ndani wa saizi ile ndo unahangaika, kwahiyo ukinunua cha upepo muulize muuzaji spea hapo hapo na soma saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi.

Lolote utakalochagua, yale ya mbele yawe na loki. Yakiwa huru yanazunguka vizuri kwenye kona, ukifika kwenye mchanga unayafunga yanyooke mbele. Na mchanga ukiwa mzito sana geuza kigari, kivute nyuma yako badala ya kukisukuma, kinapita kirahisi zaidi maana matairi makubwa ndo yanaongoza.

Vile vya matairi matatu vinageuka vizuri na vinapendeza, ila kwenye mteremko wa pembeni kama kingo za barabara za Goba angalia kisiyumbe.

HATUA YA 4: Uzito na kukunja

Kigari chepesi kabisa cha kukunja kama mwavuli kina kilo tano mpaka saba hivi. Cha kawaida kinacholala bapa kilo nane mpaka kumi na mbili. Vile vya seti na kiti cha gari vinaenda kumi na mbili mpaka kumi na tano. Sasa jumlisha mtoto, begi la nepi, na nyanya ulizonunua njiani.

Ule mkunjo wa mwavuli umetoka kwa Owen Maclaren, injinia wa ndege wa Uingereza aliyewahi kufanya kazi kwenye miguu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, akauchora mwaka 1965 na kigari chake cha kwanza kilikuwa na kilo kama tatu tu. Lile wazo la mabomba mepesi ya alumini yanayojikunja ndo bado lipo kwenye vigari vingi unavyoviona vimening'inia nje ya maduka ya Kariakoo.

Dukani fanya hivi. Muombe muuzaji akupe kigari kilichofunguka, alafu mshike mtoto wako, au kama hujazaa shika begi la kilo nne tano kwenye mkono mmoja, na ukikunje kwa mkono uliobaki. Ukishindwa dukani kwenye kiyoyozi, utashindwa zaidi kituoni konda anakuambia fanya haraka. Ukishakikunja kinyanyue, panda nacho ngazi za duka, shuka. Kikikugonga magoti au kikijifungua chenyewe ukiwa umekibeba, rudisha. Alafu toa tepu, linganisha na zile namba za kwenye simu.

Na anayekibeba ni nani? Kama mara nyingi ni dada wa kazi au bibi ndo anatoka na mtoto, nenda naye dukani. Hendeli iwe usawa wa kiuno chake, sio chako. Kama baba ni mrefu na mama ni mfupi tafuteni hendeli inayoshuka na kupanda. Mama aliyejifungua kwa upasuaji asinyanyue kigari kizito wiki za mwanzo, lipangeni mapema nani atabeba.

Kwa wa mwendokasi, vituo vina jukwaa la usawa na mlango wa basi kwahiyo kuingia sio kazi, kazi ni watu. Saa za asubuhi na jioni kunja, mtoto beba.

HATUA YA 5: Usalama, ukague kwa mikono yako

Lebo zinasaidia. EN 1888 ni kiwango cha Ulaya, ASTM F833 ni cha Marekani, alama ya SG ni ya Japani. Ila lebo inaweza kubandikwa na yeyote, kwahiyo usiishie kusoma.

Anza na mikanda. Unataka pointi tano, yaani mabegani miwili, kiunoni miwili na mmoja katikati ya miguu. Mkanda wa kiunoni peke yake haumzuii mtoto kuteleza chini wala kusimama. Funga, alafu vuta kwa nguvu mara kadhaa. Usikie klipu inavyolia tak, na ujaribu kuifungua, iwe ngumu kwa vidole vya mtoto lakini isikushinde wewe.

Breki. Weka mzigo ndani wa kama kilo kumi, mfuko wa mchele unatosha, funga breki, sukuma mbele na nyuma. Matairi yote mawili ya nyuma yakamatwe kwa pamoja. Kama duka lina mteremko mlangoni jaribu hapo. Watu wa Kimara tafuteni na ile kamba ya kuvaa mkononi, kama hakina fundi begi anaishona, isiwe ndefu.

Bawaba, yaani pale fremu inapokunjia. Hapo naomba mtulie. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza kasoro kwenye vigari vyake kama milioni moja vilivyouzwa Marekani, kwasababu mtoto akiweka mkono kwenye bawaba wakati mtu anafungua, kidole kinabanwa. Ripoti zilikuwa 15, na 12 kati ya hizo ncha ya kidole ilikatika. Kampuni ikatoa vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba. Vigari vya miaka hiyo bado vinazunguka kwenye mitumba, kwahiyo ukikuta cha mtindo wa mwavuli pitisha kidole chako kwenye kila kiungo kabla hujakifungua, uone kama pana mwanya wazi wa kubana. Na mtoto asiwe karibu kabisa wakati wa kukunja na kufungua, hata kwa sekunde, hata kama kigari ni kipya cha jana.

Mwisho, bonyeza hendeli chini kwa mkono. Kikiinuka mbele kirahisi sana basi ukitundika mfuko wa sokoni na ukamtoa mtoto kitaanguka chali, na hata mtoto akiwemo kinaweza. Mzigo uende kwenye kikapu cha chini. Kwahiyo kikapu kiwe kikubwa na kifikike hata siti ikiwa imelala.

HATUA YA 6: Joto, jua na mbu

Januari mpaka Machi Dar inachemka. Kitambaa cheusi kinapendwa kwasababu hakionyeshi uchafu, ila juani kinawaka. Chagua rangi ya wastani, na mgongo wa siti uwe na sehemu ya neti inayopitisha hewa. Paa liwe refu, livutike mpaka karibu na magoti ya mtoto.

Nawaomba sana kuhusu khanga. Tunapenda kutandaza khanga au kitenge juu ya kigari chote mtoto apate kivuli alale, na nia ni nzuri kabisa, lakini hewa ndani inasimama na joto linapanda haraka, huku wewe humuoni. Kama jua linamfikia geuza kigari, vuta paa, au funga kitambaa upande mmoja tu na mbele paachwe wazi. Mguse shingo kwa nyuma kila baada ya muda, ikiwa ya moto na ina jasho mtoe mpe maziwa.

Chandarua ni lazima. Dengue ilitusumbua Dar mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anauma mchana, muda uleule mtoto yuko nje kwenye kigari. Neti ya kigari yenye lastiki pembeni inauzwa bei ndogo, au mpelekee fundi cherehani kipande cha chandarua akushonee. Plastiki ya mvua nayo iwepo, ila mvua ikikata itoe hapo hapo.

HATUA YA 7: Mpigie hesabu mtoto wa pili

Vigari vingi vina kikomo cha kilo 15, vingine vipya vinafika 22, soma kwenye lebo. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani mtoto wa kiume wa miaka mitatu wa katikati ana kilo 14 na kidogo, wa kike karibu 14. Maana yake cha kilo 15 kinakutoa mpaka karibu miaka mitatu, na cha kilo 22 kinakuvusha vizuri.

Sasa inategemea mtawaachanisha kiasi gani. Wakipishana miaka mitatu au zaidi, usinunue cha watoto wawili. Mkubwa anatembea, akichoka kuna kile kibao chenye matairi kinachofungwa nyuma ya kigari anasimama juu yake. Hakikisha tu fremu ya kigari chako inapokea hicho kibao, vile vya mwavuli vingi havipokei.

Wakipishana chini ya miaka miwili hapo ndo watu wanakimbilia kigari cha siti mbili. Ngoja kwanza. Kichanga kwenye mbeleko, mkubwa kwenye kigari chake kilekile cha zamani. Kwa Dar hii inafanya kazi vizuri ajabu, hujanunua kitu, unapita kwenye kila mlango, na kichanga ndo anataka kubebwa anyway. Akifika miezi sita saba mkubwa ameshazoea kutembea mitaa miwili mitatu.

Mapacha ni habari nyingine, hapo siti mbili inahitajika. Za pembeni kwa pembeni zinasukumika vizuri na watoto wote wanaona mbele, ila upana wake mara nyingi unazidi sentimita 70, toa ile namba ya kamlango ka geti. Za mbele na nyuma zinapita kichochoroni ila ni ndefu na nzito, na kupandisha tairi la mbele kwenye kingo kunataka nguvu. Na hakikisha siti ZOTE mbili zinalala bapa, maana kuna za mbele na nyuma ambazo moja tu ndo inalala.

Kama mnapanga kuzaa tena, chukua rangi isiyo ya jinsia moja na kitambaa kinachotoka chote kikafuliwa. Kitambaa kilichoshonewa moja kwa moja kwenye fremu hakifiki mtoto wa pili.

HATUA YA 8: Kipya cha Kariakoo au mtumba

Vyote sawa, ukikagua. Kipya cha Kariakoo faida yake mikanda na breki havijachoka. Hasara, vingine ni vipya vya macho tu, fremu nyembamba, bomba linapinda ukilibonyeza. Mwambie muuzaji afungue boksi na akifunge chote mbele yako, usikubali kupewa boksi lililofungwa kwa sababu kilichotundikwa nje na kilichomo ndani sio lazima vifanane. Chukua risiti ya EFD. Ukinunua kwa wauzaji wa Instagram chagua anayekubali ulipe ukishapokea, na wakati boda anasubiri wewe kifungue ukikague bila haraka.

Mtumba mzuri mara nyingi ni bora kuliko kipya cha bei hiyohiyo. Vya Japani kama Combi na Aprica ni vyepesi sana, na huko wanavigawa makundi, aina ya A ni kuanzia mwezi mmoja, aina ya B kuanzia miezi saba. Ila vingi vimetengenezwa kwa stesheni na lami za kule, matairi madogo. Kwa wa fleti ya Upanga ni kitu safi, kwa wa Chanika hapana. Vya Ulaya vingi ni vizito ila matairi ya maana.

Ukiwa na mtumba mbele yako kigeuze chini juu. Angalia skrubu na ripiti chini ya siti, kutu ya juu juu inasuguliwa, kutu iliyokula bomba mpaka linamenyeka vipande achana nayo. Zungusha kila tairi kwa kidole, likiyumba kushoto kulia eksli imekwisha. Nusa sponji, harufu ya ukungu haitoki. Kagua mkanda pale unapoingia kwenye siti, ukikuta nyuzi zimeanza kuchanika fundi begi anaweza kushona mpya wote, lakini klipu iliyovunjika ikikosa spea usinunue. Fremu iliyochomelewa pia usinunue, alumini ya kuchomelea mtaani inakatikia palepale.

Bei mwambie ya mwisho baada ya ukaguzi, sio kabla. Kila kasoro uliyoiona ni punguzo.

HATUA YA 9: Siku za mwanzo na matunzo

Kabla mtoto hajaingia, zunguka nacho mtaani kikiwa na mfuko wa mchele ndani, anayekitumia zaidi ndo akizungushe. Legeza na kaza mikanda mpaka mkono uzoee. Kwenye ngazi za umeme za maduka makubwa usipande nacho, tumia lifti au mbebe mtoto.

Ukitoka Coco Beach au Kigamboni osha matairi na maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, futa, anika kivulini. Viungo vikianza kulia weka silikoni ya kupulizia, usiweke mafuta ya kupikia, yanashika vumbi na mchanga na yanasaga bawaba. Kipindi cha masika usikikunje kikiwa na unyevu. Kitambaa fua kwa sabuni ya unga kidogo bila jiki, mikanda ifutwe kwa kitambaa cha maji tu maana dawa kali zinaichosha. Na mara moja kwa mwezi kaza skrubu zote, pima breki tena na ule mfuko wa mchele, alafu soma kilo za mtoto kwenye kadi ya kliniki uzilinganishe na lebo ya kigari.